Asubuhi Moja Milimani

Mama wa tiketi, ambaye tunatumia naye chumba kimoja hapa Majengo, yeye akipanga safari za watu na mimi nikitengeneza simu, hagusi kompyuta kabla hajaipanga safari mezani. Juzi meza ilikuwa kisiwa cha Sri Lanka. Glasi ya maji ilikuwa Kolombo, funguo zake Kandy, kifuniko cha kalamu Galle, na miwani aliyoiweka juu ya kitabu kinene ilikuwa mashamba ya chai ya milimani. Vidole vyake hutembea taratibu kati ya vitu hivyo, na vikianza kupanda mlima, hata yeye huanza kuhema.

Mbele yake walikaa mzee Surjit wa duka la vipuri na mkewe, mama Harleen, waliokuwa wamemaliza kumwoza binti yao wa mwisho. Mzee alitaka kila mji, na kila siku gari liwachukue kabla hakujapambazuka.

"Na wewe mama, unataka kuona nini?" mama wa tiketi akamuuliza.

"Nataka asubuhi moja nisiamshwe," akajibu, kwa sauti ndogo mpaka nikaacha kukaza skrubu.

Mama wa tiketi akaichukua Galle, kile kifuniko cha kalamu, akaitia mfukoni.

"Siku hiyo mtakaa milimani tu."

"Siku nzima bila kuona kitu?" mzee akalalamika.

"Si utamwona mama?"

Mzee akageuka, akamtazama mkewe kitambo, kisha akauliza kama huko chai huletwa chumbani.