Mama Chokaa na Ukuta Ulioinama

Kanisa la kijiji chetu lilijengwa kwa mawe na chokaa, na ukuta wake wa kusini umeinama nje kidogo, kama mtu anayenyoosha shingo asikie umbea wa jirani. Kwa miaka thelathini na moja aliyeuhudumia ni mjukuu wa mwashi aliyeujenga, mama mmoja tuliyemwita Mama Chokaa. Kila kiangazi aliloweka chokaa kwenye pipa, akaichuja, akapanda ngazi na kuziba nyufa. Kamati ilimshukuru sana: ikamwongezea kazi ya kufagia.

Kanisa lilipokaribia kutimiza miaka mia, mwenyekiti wa kamati, ambaye ni shemeji yake, aliona aibu kanisa kutayarishiwa sherehe kubwa namna ile na fundi asiye na cheti. Akaleta mtaalamu kutoka mjini. Bwana huyo alizunguka kanisa mara mbili, akasimama mbele ya ukuta, akafumba macho.

"Waasisi waliuinamisha makusudi," alisema. "Ni alama ya unyenyekevu."

Kamati nzima ikaguna kwa heshima. Mama Chokaa, aliyekuwa anapiga deki mlangoni, akainua kichwa.

"Babu yangu aligombana na mkwewe aliyeshika timazi ya kupimia ukuta," alisema. "Wiki tatu hawakusemeshana. Ukuta ukapanda kwa kukisia."

"Shemeji, mwache msomi aseme," mwenyekiti akamkata.

Basi msomi akasema: ukuta upigwe lipu ya saruji, ndani na nje.

"Mawe haya yanapumua," Mama Chokaa alisema. "Ukiyaziba kwa saruji, unyevu utakosa pa kutokea."

"Yanapumua! Na mafua je, yanapata?" mtaalamu akauliza. Kamati ikacheka, maana mgeni akicheka, mwenyeji haulizi sababu.

Wiki moja baadaye ukuta uling'aa kama kiatu cha harusi. Mama Chokaa aliupitishia kiganja, ukawa baridi na mgumu, haumjui. Akabingirisha pipa lake hadi nyumbani. Siku hiyo hakula.

Mvua zikanyesha miezi miwili. Lipu ikaanza kuvimba kama andazi, na kamati ikaeleza kwamba ni kawaida. Siku ya sherehe askofu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuhubiri juu ya nyumba iliyojengwa mwambani, pande la lipu kubwa kama mlango likaporomoka juu ya benchi la mbele. Kwa neema ya Mungu halikuwa na mtu: lilikuwa benchi la kamati, na kamati huchelewa.

Mtaalamu alipigiwa simu. Hakupatikana, masikini, bila shaka alikuwa anafumba macho mahali pengine.

Jioni mwenyekiti alibisha hodi kwa Mama Chokaa, kofia mkononi.

"Shemeji, tumekosa. Tusaidie."

"Nitasaidia. Ila saruji mtaibandua wenyewe. Kamati nzima, kwa patasi."

Walibandua siku kumi na nne, kila mmoja akigundua kwamba ana mgongo. Mawe yalipokauka, Mama Chokaa alipanda ngazi akaupaka ukuta chokaa mara tatu, na alipoteremka alikuwa anaimba.

Mwaka uliofuata magoti yake yalikataa ngazi. Sasa hukaa kitini kivulini, na mwenyekiti ndiye anayepanda, suruali imekunjwa, jasho linamtoka.

"Pole pole, shemeji," humwambia. "Unapaka ukuta, hupigi nzi."