Maana Mia na Tisini na Nne, Chumba Kimoja

Ndugu, jamaa na majirani, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba baba yangu mdogo amegundua maana mia na tisini na nne za neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "set". Lina herufi tatu. Limemla miaka kumi na miwili. Makofi hayahitajiki.

Kazi yake ni kusoma prufu, yaani kutafuta makosa kabla ya kuchapa, katika kiwanda kidogo kinachochapa kadi za harusi. Mtaani wanamwita Bwana Maana. Walimpa jina hilo kwa kejeli, yeye akalipokea kama cheo. Kila jioni alirudi na kadi zilizoharibika, akaandika maana moja, au mfano wake mmoja, nyuma ya kila kadi, akazipanga kwenye maboksi ya viatu. Kuandaa meza. Kutegesha saa. Saruji kuganda. Jua kuzama. Hata shimo la mnyama fulani wa Ulaya ambaye hajawahi kumwona, na ambaye, nina hakika, hajawahi kumuulizia yeye.

Ukithubutu kumsalimia, umekwisha.

"Unajua 'set' ni maneno mawili yaliyovaa shati moja?" husema, kidole juu. "Lile la kuweka ni Kiingereza cha kale, jamaa yake kuketi. Lakini lile la kundi la vitu limetoka kwenye Kilatini, likapita kwa Wafaransa! Asili yake ni wafuasi!"

"Na wafuasi wako wako wapi?" mama mdogo, mkewe, huuliza huku anakunja nguo.

Maboksi yalijaa chumba cha uani alimojifungia kila jioni, kitandani na chini ya kitanda. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili tu. Sasa kifungua mimba wao alikuwa amejifungua, na Jumamosi alitarajiwa kuja kupumzika kwa mama yake na kichanga cha siku kumi na moja.

"Mjukuu wako atalala wapi?" mama mdogo akamuuliza Jumatatu. "Juu ya maana?"

"Zimebaki chache, mke wangu. Ijumaa namaliza, nayahamisha maboksi."

"Miaka kumi na miwili, baba watoto. Miaka kumi na miwili unamaliza Ijumaa."

Basi msomi akaingiwa na haraka. Jumanne, wenzake walipokwenda kula, akabaki kiwandani kuandika. Pale kuna desturi moja ambayo hata fagio la pale linaijua: kadi mbovu hukaa kushoto kwa meza ya kukatia, nzima kulia. Lakini yeye siku hiyo aliizunguka meza, akakaa upande wa pili, na kushoto kwake kukawa kulia kwa watu wote duniani. Akachukua za kushoto kwake akidhani ni mbovu, akaandika kadi sitini, kwa mwandiko mzuri kabisa, akaziacha pale wino ukauke. Mfungaji akarudi, akazitia kwenye bahasha, zikaenda kwa wageni.

Alhamisi mama wa bibi harusi akaingia kiwandani kama moto wa kifuu.

"Nani kaandika huu uchafu? Shangazi wa bwana harusi kapata kadi, nyuma imeandikwa 'kutega mtego'! Anasema ndivyo tulivyomfanyia mwanawe!"

"Hiyo ni maana ya sabini na moja," Bwana Maana akaeleza, na macho yakamng'aa. Niamini, alidhani mama wa watu amekuja kujifunza.

Mwenye kiwanda hakutaka kujifunza. Alitoa amri moja: kuanzia leo hakuna kadi mbovu inayotoka nje, na zote zilizokwisha kutoka zirudi, hadi ya mwisho. Ijumaa saa nane pikapu ikafika nyumbani. Mama mdogo alibeba boksi la kwanza mwenyewe, akiimba. Mimi nilibeba yaliyobaki. Elimu ya miaka kumi na miwili ilikwenda kusagwa iwe trei za mayai, na kwa mara ya kwanza ikawa na faida.

Jumamosi kichanga kililala katikati ya kitanda, mikono juu, kama aliyeshinda kesi. Baba mdogo alikuwa amekaa kizingitini. Nikamsogelea kwa adabu zote nilizoweza kuazima.

"Baba mdogo, katika maana zote mia na tisini na nne, ni ipi itakayobaki moyoni?"

Akautazama mlango wa chumba.

"Hata moja," akasema. "Nilitafuta pa kujifungia tu, na chumba hicho ndicho chenye komeo."