Hita ya Umeme Iliyonuka Moshi wa Kuni

Kosa ni langu na sitamsingizia mtu. Si fundi, si mwenye duka, wala si umeme wa mtaani kwetu. Nimeibeba aibu hii mpaka nimechoka, na leo naitua hapa kwa sababu hapa hakuna anayejua jina langu. Tafadhali msilitafute.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Korogwe. Mke wangu ni Mzigua wa Mkata, kule Handeni. Sisi wajukuu wa wakata mkonge tumechanganyika makabila mpaka mila tunaokoteza tu, lakini ukweni kwangu wanazishika hasa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na bafu analotumia mama mkwe wewe hulisogelei. Mkiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu.

Mke wangu aliposhika mimba ya kwanza, mama yake alitaka akajifungulie kwao na akae huko mpaka arobaini iishe. Mimi sikutaka. Nilitaka kuuona uso wa mwanangu kila ninapoamka, basi! Nikatuma ujumbe kwamba kwangu kuna hita, maji ya moto ni kufungua koki tu, mzazi atakandwa vizuri bila mtu kupuliza kuni. Mama mkwe akakubali kuja yeye, ila kwa sharti moja: siku maji ya moto yakikosekana, anambeba binti yake na mjukuu wake anakwenda nao Mkata.

Hita ilikuwepo kweli. Tuliikuta ukutani tulipohamia, na tangu hapo haijawahi kupasha hata glasi moja ya maji!

Nikamwita fundi. Akaigonga, akachungulia, akasema tangi limeoza kwa kutu na koili imeganda chumvi, hapo hakuna kutengeneza, ni kubadilisha. Akanitajia vitu vinavyotakiwa: hita mpya, waya mnene wa peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa ethi, valvu ya kuachia presha, na mabomba yanayohimili moto badala ya yale ya maji baridi. Halafu na ufundi wake. Niliona vikorokoro na ufundi vinakaribia bei ya hita yenyewe. Nikamwambia nitampigia, na sikumpigia.

Ndugu zangu, mimi nafungua injini ya pikipiki huku nasinzia. Nikajiambia, hita ni nini bwana? Si birika lililotundikwa tu!

Nikanunua hita, nikaitundika mwenyewe. Nilimaliza siku ileile mke wangu alipokuwa hospitali anasubiri ruhusa na binti yetu, Tunu. Kiherehere kikanipanda. Nilitaka kuipiga picha hita ikiwa imewaka taa nyekundu, ili mke wangu amwoneshe mama yake. Basi nikawasha kabla sijafungulia maji yaingie. Taa ikawaka, nikapiga picha, nikatuma. Hita tupu ikajichoma yenyewe, bafu zima likanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati, na taa ikazima. Picha ilitoka nzuri sana.

Mwenye duka aliniuliza swali moja tu, nani kaifunga. Nilipomjibu, akanirudishia risiti yangu mkononi. Fedha ya kununua nyingine sikuwa nayo, na mama mkwe alikuwa ameshapanda basi Mkata na begi lake.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Jamani, si ningesema tu!

Badala yake nilipandisha ndoo kubwa ya bati darini, juu ya bafu, nikaiunganisha na bomba la maji ya moto. Nyuma ya banda la kuku nikapanga mafiga. Asubuhi kabla ya kwenda dukani, na jioni nikirudi, nachemsha sufuria, napanda ngazi, napita kwenye uwazi wa ukuta wa nyuma, natambaa juu ya boriti, namimina. Huko chini mama mkwe anafungua koki, maji ya moto hayo! Mke wangu akawa ananisifu kwa jinsi ninavyowahudumia kuku.

Mama mkwe hakuweza kuniuliza kitu uso kwa uso, nami sikuweza kumwendea. Mtu wetu wa tatu akawa Tunu, ambaye hata shingo hajakaza. Siku moja napita barazani nimeinamisha kichwa, nikasikia bibi anamwambia mtoto amuulize baba yake, mbona maji ya hita ya umeme yananuka moshi wa kuni. Nikamjibu mtoto kwamba ni harufu ya upya, itaisha. Tunu akapiga chafya.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Kila asubuhi nilikuwa nampakata mwanangu katoka kuoga, kalegea, ananishika kidole. Nikaona uongo wangu umezaa matunda.

Halafu umeme ukakatika.

Ulikatika tangu alfajiri, kutwa nzima. Mtu mwenye akili angepumzika siku hiyo. Sasa oneni ujinga: jioni nilirudi na mawazo yangu ya dukani, nikachemsha kama kawaida, nikapanda kama kawaida, nikamimina kama kawaida. Jokofu limenyamaza, mashine ya kusaga ya jirani imenyamaza, na bafuni kwangu maji yanatoka na mvuke!

Nikiwa bado nimechutama darini nikasikia sauti ya mama mkwe chini yangu. Alikuwa amesimama bafuni, kampakata mtoto, koki iko wazi.

"Tunu, mjukuu wangu," alisema taratibu, "umeme hakuna tangu asubuhi. Hita ya baba yako inakula nini?"

Ningekaa kimya angeondoka. Lakini nilikuwa nimeshazoea kujibu!

"Mwanangu," nikasema, "mwambie bibi, inatunza joto."

Nikasikia koki inafungwa. Ndipo nikatambua kwamba jibu langu limetokea juu ya kichwa chake.

Nikageuka mbiombio nitoroke. Mguu ukateleza kwenye boriti, siling bodi ikapasuka, na mguu wangu wa kulia ukashuka bafuni mpaka kwenye paja, na ndala yake. Nami nilikuwa nimevaa bukta. Hebu nioneeni huruma: mguu uko kwa mama mkwe, kichwa kiko kwenye mabati, na mila yote ya ukweni imekaa katikati yetu!

Hakupiga kelele. Mke wangu aliyekuja mbio ndiye aliyenisimulia kwamba mama yake alijifunika kanga usoni, akageukia ukutani. Mimi nilisikia maneno tu.

"Tunu, mwambie baba yako mguu wake nimeuona. Kesho tunakwenda Mkata."

Majirani walinichomoa. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, nikaambiwa nipeleke mbuzi na doti ya kanga kufuta ile aibu, nikapeleka. Hicho hakikuniuma. Kilichoniuma ni ile asubuhi ya kuondoka kwao, Tunu amefungwa kwenye shali, basi linaondoka, na mimi nimesimama stendi nimeshika kofia yake iliyosahaulika. Nililia mbele ya wapiga debe, na sioni haya kulisema.

Baadaye nilikopa, nikampigia fundi. Akabadilisha kila kitu alichokitaja mwanzo, akajaza maji kwanza, ndipo akawasha. Hita inafanya kazi safi. Sasa naoga maji ya moto peke yangu kama waziri, halafu nakaa kitandani naitazama ile kofia.

Wiki iliyopita nilipiga simu kuomba wanirudie. Nikasikia simu inasogezwa kwa mtoto.

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema, "mwambie baba yako mpaka arobaini iishe. Ila Jumamosi aje. Hita aiache huko huko. Aje na kuni, kuchemsha tumeona anaweza."

Nikaenda na mzigo wa kuni kwenye buti la basi. Nikachemsha nyuma ya nyumba, nikaiacha ndoo mlangoni, nikageukia ukutani, nikasikiliza mwanangu anavyopigapiga maji kwa miguu. Jumamosi hii naenda tena.

Wewe unayenisoma, hita yako ikifa, sema imekufa. Mlipe fundi, ijae maji, ndipo uwashe. Na kama tayari umeshadanganya ukweni, basi angalau siku umeme ukikatika, shuka darini ukae chini utulie!