Jaketi Lisilovuja na Fulana Iliyolowa

Wateja walimwita Mama Zipu naye akaitika, maana katika miaka ishirini na miwili ya kukaa nyuma ya cherehani, zipu ndizo zilizomlisha. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, kimepakana ukuta kwa ukuta na tanuri la mkate la mumewe. Upande mmoja ulikuwa na joto mwaka mzima, na nguo zote alizozishona zilirudi kwa wenyewe zikinukia mkate. Mji wenyewe ulikaa chini ya mlima. Waongozaji wa wapandaji, wakimbiaji wa njia za juu na watu wa kikosi cha uokoaji walimletea mahema yaliyochanika, mikoba iliyokatika mikanda, na zaidi ya yote, majaketi ya mvua. Yeye mwenyewe mlimani hakuwahi kufika. Aliujua kwa matope ya kwenye mapindo tu.

Mteja wake msumbufu kuliko wote alikuwa wifi yake, mdogo wa kike wa mumewe. Alikuwa mwongozaji, mwanamke mwembamba mwenye miguu ya chuma na mdomo usio na breki. Asubuhi moja aliingia, akalitupa jaketi lake jekundu juu ya meza.

"Wifi, hili dude linavuja tena. Hii mara ya tatu. Unashona macho yamefumba?"

"Linavuja wapi?"

"Kila mahali. Nimeshuka jana fulana imelowa chapachapa, kama nimetoka kuogelea."

Mama Zipu hakupenda. Kazi yake ilikuwa heshima yake, na kuambiwa mshono wake unavuja kulimchoma kuliko sindano. Akaligeuza jaketi ndani nje, akaipitia mishono yote kwa ncha ya kidole, akaukagua utepe unaofunika matundu ya sindano. Haukuwa umebanduka popote. Akafunga mkono mmoja wa jaketi kwa kamba, akaujaza maji, akauning'iniza juu ya beseni. Wifi akaenda zake. Hadi adhuhuri beseni lilikuwa kavu kabisa.

Jioni wifi alipopita kuchukua mkate, alimkuta sehemu ile ile, ameshika tama.

"Ile fulana yako ya jana iko wapi?"

"Iko mkobani, sijaifua. Ya nini?"

"Ilete."

Mama Zipu akaipokea, akainusa, kisha akaweka ulimi mgongoni pake. Wifi akapiga yowe.

"Umelamba fulana yangu!"

"Ina chumvi," alisema Mama Zipu taratibu. "Mvua haina chumvi, wifi. Siku zote nilidhani unatia chumvi katika maneno yako, kumbe unayo kweli. Maji haya yametoka kwako wewe."

Wifi alicheka mpaka akashikilia mlango. Lakini alipoondoka, Mama Zipu alibaki na fulana mkononi, na swali likamganda kichwani. Lebo ya jaketi ilisema kitambaa kinapumua. Alijua maana yake, kwa sababu karatasi iliyokuja na utepe wa mishono ilieleza: kati ya kitambaa cha nje na bitana mna utando mwembamba, wenye vinjia vidogo mno ambavyo tone la maji haliwezi kupenya, ila mvuke wa jasho unapenya. Ikiwa ni hivyo, mbona wifi alishuka amelowa? Akatazama majaketi mengine kwenye kamba. Kila lebo ilijisifu kwa tarakimu zake, na hakuna mbili zilizopimwa kwa njia moja. Ni kama watu wanaobishana nani mrefu, mmoja amejipima kwa shubiri, mwingine kwa hatua.

"Basi nitapima mwenyewe," alijiambia.

Kesho yake mumewe, mwokaji, aliitafuta mizani yake ya kupimia donge la unga asiione. Aliikuta chumbani kwa mkewe, imezungukwa na chupa tano za jamu zenye maji ya moto, zimepangwa kwenye ukuta wenye joto la tanuri. Mdomo wa chupa ya kwanza ulifunikwa kwa mfuko wa plastiki, wa pili kwa kipande cha pamba. Tatu zilizobaki zilivishwa kofia za majaketi, zimebanwa kwa mpira: jekundu la wifi, la buluu la mkimbiaji mmoja, jepesi kama karatasi, na la kijivu la mbeba machela wa kikosi cha uokoaji, zito, la zamani. Wenyewe alikuwa amewaomba ruhusa. Mkimbiaji alikubali bila kuuliza. Mbeba machela aliuliza mara mbili.

"Mke wangu," alisema mwokaji, "unapika nini hapo?"

"Napika jibu."

"Na mimi nitapimia nini mkate?"

"Kwani mkono wako baada ya miaka yote hii haujui donge lina uzito gani?"

Mwokaji aliguna, lakini siku ile alipima kwa mkono, na baadaye alijisifu kwa kila mteja kwamba hakukosea hata donge moja.

Kila baada ya saa mbili Mama Zipu aliondoa vifuniko, akapima chupa, akaandika katika daftari la vipimo vya nguo. Maji yaliyopungua ndiyo mvuke uliopita. Baada ya saa sita plastiki ilikuwa haijapitisha kitu. Pamba ilipitisha gramu ishirini na moja. Jaketi la buluu, kumi na sita. Jekundu, kumi na moja. La kijivu, saba tu. Akarudia siku ya pili, chupa akizibadilishia nafasi ili isije ikawa moja inapendelewa na ukuta. Mpangilio ulikuwa ule ule.

Alimpigia wifi simu kwa furaha. "La buluu! Limekushinda mbali!"

"Wifi yangu," alijibu mwongozaji, "mimi si chupa. Chupa haipandi mlima, haibebi mkoba, wala upepo haiujui."

Neno lile lilimnyima raha, maana lilikuwa kweli. Wakapatana. Kutoka kituo cha mwisho cha basi kulikuwa na njia ya ngazi za mawe inayopanda hadi kwenye kibanda cha kupumzikia, mwendo wa saa nzima. Wifi angeipanda asubuhi tatu, kwa mkoba wenye uzito ule ule na mwendo ule ule, kila siku na jaketi jingine kati ya yale matatu. Ndani angevaa fulana ya pamba iliyopimwa, kisha juu angeivua, aifunge ndani ya mfuko na kuishusha. Siku zote tatu zilikuwa kavu na baridi. La buluu lilileta fulana iliyoongezeka gramu tisini, jekundu mia na hamsini, la kijivu mia na themanini. Chupa zilikuwa zimesema kweli. Mama Zipu alitembea mtaani kifua mbele.

Kisha mvua ikaja, siku nne mfululizo, ya kiasi, isiyokatika. Wakarudia, na mambo yakageuka juu chini. Fulana ya jaketi la buluu iliongezeka gramu mia mbili na arobaini, ya jekundu mia mbili na kumi. Ile ya kijivu, mia na ishirini tu.

"Umezichanganya," alisema Mama Zipu.

"Sijazichanganya."

"Basi la buluu linavuja." Akalijaza maji mkono kama alivyofanya mwanzo. Halikudondosha kitu. Akailamba fulana, wifi akageuka pembeni asione. Ilikuwa na chumvi.

Jambo lile lilimkosesha hata hamu ya kula. Alizipanga chupa upya, matokeo yakawa yale yale ya zamani. Siku ya nne ya mvua alikata shauri. Alifunga duka, akavaa viatu vya wifi vilivyombana kidogo vidoleni na jaketi la buluu, akaenda mwenyewe kwenye ngazi za mawe, yeye na umri wake wa miaka hamsini na mitatu na goti lake la kulia lililozoea pedali tu. Wifi alivaa la kijivu.

"Ukichoka, sema," alisema wifi.

"Nimeshachoka. Twende."

Dakika kumi za kwanza mvua iliteleza juu ya mabega yake vizuri. Kisha akaona kitambaa kinabadilika rangi. Mabegani, pale mikanda ya mkoba inaposugua, buluu ilikolea. Doa likashuka mikononi, likaenea mgongoni, hadi jaketi zima likawa limelowa kwa nje kama nguo iliyotoka kwenye beseni, na baridi. Akaingiza mkono ndani. Bitana ilikuwa inateleza kwa unyevu.

Alisimama katikati ya ngazi, anahema, maji yanamchuruzika puani.

"Wifi, simama! Nimeona! Maji hayajaingia, ila yamelitanda nje kama blanketi. Mvuke utatokea wapi?"

Wifi alirudi ngazi mbili, akaligusa bega lake. "Kweli. Na mimi nilikwisha kufungua hapa muda mrefu, kama ninavyofanya mvuani; zile siku kavu za baridi niliacha pamefungwa." Akainua mikono. Chini ya makwapa ya jaketi la kijivu mlikuwa na zipu mbili ndefu, zimeachama, na kutoka humo ulitoka moshi mweupe wa joto la mwili, unaonekana kwa macho.

Mama Zipu, aliyebadilisha zipu zile zile mwaka uliopita, hakuwahi kujiuliza ni za nini. Aliziwekea mkono, akahisi joto likitoka kama pumzi ya mtu. Alicheka peke yake, kwa nguvu, mpaka wapandaji wawili waliokuwa wakishuka wakawapisha kwa tahadhari.

Wiki iliyofuata alifanya kazi mbili. Kwanza alilifua jaketi la buluu kwa sabuni laini, akalisuuza mara tatu, akalikausha kwenye ukuta wa tanuri. Aliponyunyizia maji, yakakaa juu kama vishanga na kuviringika, isipokuwa mabegani, palipokwisha kuchakaa. Kumbe uchafu na jasho la miezi ndivyo vilivyokuwa vikiyaalika maji yatande. Pili, alilitoboa jaketi jekundu la wifi makwapani na kutia zipu. Jaribio la kwanza lilivuja kweli, safari hii bila ubishi, kwenye kona ambapo utepe ulikunjamana. Alifumua, akakata kona kwa mviringo, akabandika upya kwa pasi ya joto dogo.

Wifi alipanda nalo mvuani. Gramu mia na kumi.

"Si kavu," alisema, akiitazama mizani.

"Ukipanda unakimbia na umevaa sweta zito ndani, hata ungejifunika upepo wenyewe usingekauka. Vua sweta, anza polepole."

"Sasa unanifundisha kupanda mlima?"

"Nimepanda. Mara moja."

Jumamosi iliyofuata wifi alimpitia mapema, akiwa amelivaa jaketi bila sweta. Goti lilikuwa bado linauma, lakini Mama Zipu alichukua daftari akaenda. Walipofika kibandani walimkuta mzee mmoja mwenye ndevu, ameketi na jaketi la aina ambayo hakuwahi kuiona dukani kwake, la njano, lisilo na mshono hata mmoja begani. Alimzunguka mara moja, mara mbili, akashindwa kujizuia.

"Shikamoo, baba. Samahani sana. Naomba niingize mkono ndani ya jaketi lako."

Mzee alimtazama yeye, akamtazama wifi aliyekuwa amejifunika uso kwa aibu, kisha akaishusha zipu yake nusu.

"Marahaba, binti. Mkono upi, wa kulia au wa kushoto?"