Mume Wangu Aliwafundisha Marafiki Kuusoma Uso Wangu

Admin, jina langu lifiche, mtaa uache tu, Lucky Summer tuko wengi. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa miaka sita, na nina mimba changa ambayo mume wangu hajui. Ni yake. Msianze.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tunacheza karata za poka kwetu, sisi wawili na rafiki yake Kim na mkewe Njeri. Tunachezea vifuniko vya soda. Ukishaweka karata zako chini na kujitoa, unaruhusiwa dau la pembeni: unataja nani atashinda kati ya waliobaki, na ukikosea unaosha vyombo. Lakini kuna adabu yake. Husemi lolote kuhusu karata za anayecheza bado, na huweki dau dhidi ya mwenzako wa ndoa. Hiyo ya pili mume wangu ndiye aliyeileta, nami nikajiona nimependwa.

Mwaka jana mimba yangu ya kwanza ilitoka. Nilirudi kutoka hospitali nikakuta wageni, nikatabasamu, nikaanza kuuliza nani aongezewe chai. Walipoondoka mume wangu alinishika akaniambia, "Ukianza kugawa chai na hiyo smile, najua ndani umevunjika." Nililia kifuani pake. Hakuna mtu aliyewahi kunijua hivyo.

Jumapili iliyopita nilibaki mchezoni na Kim, wengine wameshajitoa. Karata zangu zilikuwa takataka lakini nikaongeza vifuniko kumtisha. Nikatabasamu. "Nani aongezewe chai?"

Njeri akaangua kicheko. "Chai imetajwa! Kim, usijitoe, hana kitu!"

Nikamuuliza amejuaje. Maskini, alidhani ni utani wa sisi sote. "Si bwanako alituambia kitambo! Hata yeye hubet chinichini kuwa Kim atashinda ukishaanza hivyo."

Mume wangu akacheka kidogo. "Aah, babe, ni game tu. Mbona unachukulia serious?"

Nilienda jikoni nikafungua mfereji ili wasinisikie nikilia. Jamani, shida si vyombo. Uchungu wangu wa kumpoteza mtoto, yeye aliugeuza ishara ya mezani, na wamekuwa wakinicheka huku nawapakulia chakula.

Ameomba msamaha, tena kwa machozi. Si mtu mbaya, ndiyo maana naumia hivi. Lakini nesi ameniambia nipumzike na nisibebe vizito kwa sababu ya yaliyotokea mara ya kwanza, na mimi naogopa sana. Nikimwambia, ataniona nikiogopa kila siku, na sijui atampelekea nani hofu yangu. Nikinyamaza na mimba hii nayo itoke, nitakuwa peke yangu.

Leo mmejua habari za huyu mtoto kabla ya baba yake, nyinyi ambao hamjawahi kuniona usoni, na ni kwenu nimejisikia salama. Hilo limeniliza kuliko yote. Nishaurini, nimwambie?