Mvua Ndani ya Miwani

Nakumbuka asubuhi niliyomvisha Bibi Felista miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwingiza mtu ndani ya dunia ya kompyuta, nikiamini kwamba mimi ndiye mwalimu.

Mdogo wangu, unaanza kusomea usanifu wa mafunzo, na nasikia unabisha kila kitu kama nilivyobisha mimi. Endelea kubisha. Ila sikiliza hili.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kutengeneza dunia ya kompyuta, vijana wa kilimo watembee ndani ya shamba la mlimani na kutafuta wenyewe kwa nini udongo unahama. Nilirusha droni juu ya shamba la kabichi la Bibi Felista, huko milimani juu ya Mlali, nikanakili kila mwinuko na kila bonde, nikaweka na mvua. Lakini niliogopa wanafunzi watapotea, basi nikaongeza mishale na sauti ya kuwaelekeza. Mwalimu wangu akasema haipokei kazi ile mpaka mkulima aijaribu.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kigango, kanisa dogo la pale kijijini, Bibi na akina mama wenzake wa jumuiya. Akavaa miwani. Sauti ikamwambia: chimba makinga maji hapa, mitaro ya kuzuia maji yasishuke na udongo. Akaivua.

"Mjukuu wangu, umeniuliza, halafu ukajijibu. Sasa mimi umeniitia nini?"

"Nilitaka kukusaidia, bibi."

"Nisaidie kwa kunyamaza."

Akina mama wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilikasirika, sikufichi. Lakini nilikaa palepale, nikafuta mishale, nikazima sauti, nikamrudishia.

Mvua ikaanza. Kwenye kompyuta niliona anachokiona: kabichi zinang'oka, matope yanashuka. Yeye wala hakuziangalia. Aligeuka akapanda, hatua fupi za upandeupande, kama mtu aliye mlimani kweli, na chini yake ni saruji tupu. Nilimfuata nyuma asije akajigonga ukutani. Alipofika juu ya shamba aliinama.

"Njia hii," akasema. "Tumeikata wenyewe, inyooke mpaka kisimani. Ndiyo inayotuletea maji ya mvua shambani."

Tatizo hilo sikuliweka mimi. Nilinakili mlima tu, na mlima ukaja na siri yake. Dunia niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nilikuwa mgeni ndani yake.

Mama mmoja akasema polepole, "Kumbe ni sisi." Wiki ileile walianza kukata njia nyingine, ya kuzunguka. Kazi yangu ilipokelewa, ingawa kufikia hapo nilikuwa nimeshaisahau alama.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitengeneza dunia ya kufundishia, weka ndani yake tatizo la kweli, kisha ujizuie. Mwache mwanafunzi apotee kidogo, wewe mfuate nyuma asijigonge. Jibu ulilonalo huenda ni dogo kuliko atakalolipata.

Mungu akujalie subira ya kunyamaza, na akukutanishe na mtu wa kukuonyesha usichokijua ndani ya kazi yako mwenyewe.