Siku Niliyompiga Mtani Wangu

Nilimpiga mtani wangu kwa mchi siku ya maziko ya baba, mchana kweupe, mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kanisani wanaponiita niwaeleze vijana jinsi ya kutokata tamaa katika uandishi, hutegemea nianze na sala. Kusali nilisali. Lakini nilipiga pia, na miaka ile mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Tulikuwa katika kijiji kipya cha Ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kituo cha reli cha Usoke. Hatukuhamia kwa hiari. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa porini, na baba alikuwa ameomba aachwe mpaka avune mahindi. Asubuhi moja mgambo wakaja. Wawili walipanda paani wakaling'oa nyasi, wa tatu akawasha moto, na ghala la mahindi likaungua na mahindi yake. Baba alisimama mlangoni, hakuinua mkono, hakutukana. Mgambo mmoja, kijana wa umri wangu, alimpiga rungu la uso. Nilisikia mfupa. Jicho la kushoto la baba halikuona tena tangu asubuhi ile.

Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Nilisimama na godoro kichwani, nikatazama.

Kijiji kipya kilikuwa na shule na bomba la maji, na siwezi kusema uongo, wanangu walifaidi vyote viwili. Lakini hasira ya lile godoro haikunitoka. Nililima tumbaku kama wenzangu, na wakati wa kukausha nilikaa mbele ya bani, yaani lile banda la matofali tunamoning'iniza majani na kuyakausha kwa moto wa kuni. Moto wa bani hauachwi peke yake. Ukizidi, majani yanaungua, ukipungua, yanaoza. Basi nilikaa pale mchana kutwa, kuni upande huu na daftari upande huu, nikaandika habari za baba. Misimu miwili ya tumbaku, madaftari manne.

Baba alikuwa akija kukaa karibu yangu, jicho lake zima likiutazama moto.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Kwenye ghala, baba."

"Nisomee."

"Nitakusomea likishachapwa."

Kila mara nilimjibu hivyo. Nilitaka alisikie likiwa kitabu hasa, chenye jalada, kama kile cha mwenzangu.

Huyo mwenzangu tulisoma naye dawati moja katika shule ya misheni. Alikuwa ameandika kijitabu cha sala za asubuhi, ofisi moja ya vitabu vya dini mjini Tabora ikakichapa, na kila Jumapili kiliuzwa mlangoni mwa kanisa. Mchungaji alikiinua mimbarani na kusema, "Hiki ndicho kipaji kilichotakaswa." Nilimchukia mwenzangu kwa chuki safi kabisa. Alikuwa mpole, hakunikosea lolote, na ndiyo maana nilimchukia zaidi. Mahubiri yakiendelea, nilikuwa navunja vidole vyake mawazoni, kimoja kimoja, nikianzia kile cha kushikia kalamu. Kisha nilisimama nikaenda kupokea meza ya Bwana.

Nami niliyatuma madaftari yangu kwenye ofisi ileile, mara tatu. Mara tatu yakarudi. Barua ya tatu ilisema habari za vipigo hazimjengi msomaji Mkristo, na kwamba ingefaa nisome kijitabu cha mwenzangu nijifunze. Siku hiyo nilichukua shoka nikakipasua kiti nilichokuwa nakalia kuandika, nikakitia kwenye moto wa bani, mguu mmoja baada ya mwingine. Mbwa alikuja kunusa nikampiga teke. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Madaftari nayo niliyashika juu ya moto mpaka vinyweleo vya mkono vikaungua. Sikuyaachia. Kwa nini, mpaka leo sijui.

Aliyekuwa akinikabidhi vifurushi hivyo vikirudi ni mtani wangu, Mzaramo aliyefanya kazi ya kupokea mizigo kituoni. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe hadi pwani, wakapita nchi ya Wazaramo wakigombana nao na kula nao, na utani wetu umetoka huko. Mtani anakutukana, anachukua kuku wako, anacheka kwenye msiba wako, nawe hukasiriki. Kukasirika ni kuvunja kitu ambacho si chako peke yako.

"Mpagazi!" aliniita kifurushi cha tatu kiliporudi. "Babu yako alibeba pembe miezi mitatu akafika pwani. Wewe madaftari manne yamekushinda kufikisha Tabora, na treni yamepanda?"

"Mzaramo, rudi kwenu kwenye ngoma."

"Nitarudi nikiona umefikisha mzigo."

Nilicheka, nikatoka kituoni nikiwa nataka kuua mtu.

Baba alikufa mvua za kwanza zilipoanza, kwa homa ya siku tano. Siku ya maziko mtani wangu alifika amevaa kofia ya baba na kushika bakora yake, amefumba jicho la kushoto, anachechemea kama baba. Alikaa kizingitini akaagiza chai kwa sauti ya baba, akalalamika kwamba jeneza ni fupi na miguu itamuuma. Watu walicheka huku wanalia. Hivyo ndivyo tunavyozika, na mimi pia nilicheka.

Kisha aliingia ndani akatoka na daftari langu la kwanza, na ile barua ya tatu ndani yake. Alisimama kando ya jeneza. Aliisoma barua kwa sauti ya mchungaji, mkono mmoja umeinuliwa kama mimbarani, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mwenzangu wa kijitabu alikuwa amesimama na kwaya, naye alicheka. Niliona meno yake.

Mtani akafungua daftari akaanza kusoma. Sikusikia neno hata moja. Masikio yangu yalikuwa yamejaa damu. Mchi ulikuwa umeegemezwa kwenye kinu jirani na jikoni, nikauchukua kwa mikono miwili. Aliniona nikija. Aliinua mkono, na mkono wenyewe ulikuwa umeshika daftari. Pigo la kwanza lilitua vidoleni. Nilisikia mfupa, nikauinua mchi tena, nikampiga begani, akaanguka juu ya mkeka wa wafiwa. Pigo la tatu wajomba zangu walilizuia hewani.

"Amempiga mtani!" mwanamke mmoja alipiga yowe. "Maiti haijazikwa, amempiga mtani!"

Wengine walikimbia uwanja kana kwamba nyuki wameingia. Wazee wakakataza jeneza lisinyanyuliwe mpaka mtani mwenyewe aseme neno. Alikuwa amekaa chini, mama anamfunga mkono kwa kanga, jasho linamtiririka.

"Mzikeni," alisema. "Mzee hana kosa."

Kesho yake mjomba alinichukua twende kituoni na mbuzi wa kuombea radhi. Mtani alitupokea mlangoni kwake, kanga ya mama bado mkononi, imekauka damu.

"Shikamoo," alimwamkia mjomba, kisha akanigeukia. "Mbuzi nitamla, naye hana kosa. Lakini hiyo si faini. Faini yako, siku ya kuanua matanga utasimama pale pale niliposimama umalizie. Ulinikatiza."

"Nilikukatiza ukinicheka."

"Nilicheka barua. Daftari sikulicheka. Hukusikia watu walivyonyamaza?"

Nilimtazama mjomba. Mjomba aliitikia kwa kichwa. "Walinyamaza," alisema. "Mama yako alikuwa ameshakaa chini."

"Na si mimi niliyetaka kusoma," mtani aliendelea, sauti yake haina utani tena. "Mzee alinituma. Alikuja hapa kituoni wiki moja kabla ya homa. Aliniambia, mwanangu ameandika habari za jicho langu, kisha ananificha. Nikifa hajanisomea, wewe nisomee kabla hawajanifukia. Wewe mtani, hakuna atakayekuzuia."

Niliketi chini kwenye vumbi. Nililia kwa sauti, kama nisivyowahi kumlilia baba jeneza lilipokuwa mbele yangu. Misimu miwili mtu yule alikaa ubavuni pangu, masikio yake mazima, nami nilikuwa namsubirisha ili nimshinde mwenzangu wa dawati.

Siku ya kuanua matanga nilisimama uwanjani nikasoma. Sauti ilinitetemeka mpaka nilipofika kwenye ghala, hapo ikatulia. Nikafika kwenye rungu. Nilikuwa nimeandika kwamba kijana yule alimpiga mtu ambaye hakumwinulia mkono, aliyesimama tu mbele ya alichokuwa nacho. Niliinua macho nikaiona kanga mkononi mwa mtani. Mdomo ukagoma. Miaka yote nilikuwa nimemwandika mgambo yule kwa uchungu wa mtu asiyefanana naye.

"Soma, mpagazi," mtani alisema kutoka mkekani. "Pwani bado."

Nikasoma mpaka mwisho. Mwenzangu wa kijitabu alikuwepo. Sikumtazama kuona kama analia au anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza sikumtazama.

Jumapili iliyofuata niliungama mbele ya washarika. Kisha nikaongeza kurasa tatu katika daftari la nne, habari za mchi, bila kujipunguzia pigo hata moja. Nikayatuma madaftari mjini.

Yakarudi.

Nilikwenda kituoni kuyachukua mchana wa jua kali, ile hasira ya zamani inanusa tena kama mbwa wangu. Mtani alikuwa amekikalia kifurushi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepona vibaya, kimepinda kuelekea cha kati na hakinyooki, kwa hiyo alikata kamba kwa meno. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alifunua daftari la nne kwa kile kidole, akatafuta kurasa tatu za mwisho, akanipa.

"Hizi sijazisikia," alisema. "Nisomee."

Nikamsomea palepale, halijachapwa.